Vitu vya Kuchezea vya Watoto wa Kilolo, Tangu Ng'ombe wa Udongo Hadi Leo

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, katika matoleo ya nyuma ya jarida hili yameandikwa mengi juu ya walimu wetu, juu ya bweni lililokuwa na baridi kuliko mengine, na juu ya maharagwe. Sijamwona aliyeandika juu ya vitu tulivyochezea kabla hatujavaa sare za shule yetu. Huenda mtu mzima mwenye cheo chake huona haya kuandika juu ya gari la waya. Mimi sioni haya, kwa sababu mbili. Kwanza, naamini kwamba mambo yaliyoipata nchi yetu ya Kilolo yanaonekana katika vitu walivyounda watoto wake, na pengine yanaonekana wazi kuliko katika majalada ambayo nimeyapanga na kuyapangua ofisini kwa karibu miaka ishirini. Pili, kamati yetu inataka kuipa shule ya msingi ya jirani zawadi ya vifaa vya kuchezea, na ningependa tusikubaliane kabla ya kufikiri. Zawadi hiyo nitaifikia mbele.

Wilaya ya Kilolo ni changa. Ilizaliwa mwaka 2002 ilipomegwa kutoka Iringa Vijijini. Lakini ndani yake mna nchi mbili, na kila mmoja wetu anajua alitoka ipi. Kuna nchi ya chini, Ruaha Mbuyuni na Mahenge, yenye joto, mibuyu na vitunguu. Ukipanda Kitonga unafika Ilula kwenye nyanya, kisha unaingia nchi ya juu, Dabaga, Bomalang'ombe na Udekwa, ambako ukungu wa Juni na Julai humfanya mtoto acheze huku mikono ameificha kwapani. Mtoto wa chini alikuwa na maganda ya mabuyu, akayafanya mitumbwi na vyungu. Mtoto wa juu alikuwa na mianzi. Hakuna aliyekwenda dukani.

Tuanze na udongo. Wahehe walilima na kufuga, na mtoto wa kiume alitumwa machungani angali mdogo. Huko, kando ya kijito, alifinyanga ng'ombe. Ng'ombe wa udongo wameonekana karibu kila mahali Afrika ya Mashariki palipokuwa na mifugo, kwa hiyo sidai kwamba ni uvumbuzi wetu. Babu yangu, aliyezaliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alinisimulia kwamba zizi lake lilikuwa na fahali, majike na ndama, na kwamba watoto walilipana mahari kwa ng'ombe hao na kugombana juu ya mahari hiyo kwa sauti zilizofika nyumbani. Ng'ombe aliyevunjika pembe hakutupwa. Alitiwa maji, akafinyangwa upya, na mara nyingi alitoka mnene kuliko mwanzo.

Hapo ndipo penye shina la maneno yangu. Tukiulizwa leo kitu cha kuchezea kinachodumu ni kipi, tunafikiria chuma, au ile plastiki nene inayoandikwa kwenye boksi kwamba haivunjiki. Ng'ombe wa udongo alivunjika kila siku, na bado alidumu utoto mzima, kwa kuwa aliyemvunja alijua kumuunda tena.

Mchezo wa pili wa babu ulikuwa wa fito. Walikata shina la mgomba kuwa duara, mmoja akaliviringisha kutoka mlimani, wengine wakajipanga kando na kulirushia fito zilizochongwa ncha. Ukilichoma likiwa mbioni umeua. Ukilichoma limesimama unachekwa. Msomaji atakumbuka kwamba tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, mahali ambapo leo pamo ndani ya wilaya yetu, askari wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Masimulizi husema kwamba aliyemchoma mkuki Zelewski alikuwa kijana wa miaka kama 16 tu. Kijana wa namna hiyo hakujifunza shabaha siku ile. Kalenga ilianguka mwaka 1894, na Mkwawa akafa mwaka 1898. Vita vikaisha, lakini watoto hawakuambiwa. Babu alikuwa akilichoma lile duara la mgomba zaidi ya miaka ishirini na mitano baadaye, chini ya serikali ya Mwingereza, bila kujua kwamba anafanya mazoezi ya jeshi lililokwisha kuvunjwa.

Sasa nije kwenye waya. Gari la waya halikuweza kuwako kabla ya waya na kabla ya gari. Baba yangu, mtoto wa miaka ya 1940, aliunda lori lake kwa mianzi, na magurudumu yake yalikuwa vipande vya mti laini vilivyotobolewa kwa msumari uliochomwa motoni. Wakati huo lori katika nchi ya juu lilikuwa jambo la kukimbiliwa barabarani.

Jambo lililobadili hayo lilitokea mbali na Kilolo. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa ikipitisha bidhaa zake kusini, ililazimika kutafuta njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa barabara yetu ya vumbi na matope kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa hadi Tunduma. Mafuta yalipelekwa kwa mapipa juu ya malori. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services, ikaleta malori makubwa ya Fiat yenye matela. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilipunguza mapipa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikawekwa lami. Wanahistoria wameandika juu ya mambo haya kwa upande wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na wamefanya vizuri. Mimi naongeza kwamba watoto wa Ruaha Mbuyuni, Mahenge na Ilula walikaa kandokando ya barabara hiyo wakiyatazama malori yakipanda Kitonga polepole kama konokono, polepole kiasi cha kuhesabu magurudumu, kuona ekseli inavyokaa na tela linavyoungwa. Darasa la namna hiyo halikujengwa na wizara yoyote. Ndugu yangu mkubwa alijifunza kuunda tela alipokwenda kumsalimu shangazi Ilula wakati wa likizo, akarudi nayo nchi ya juu, na baada ya mwezi mmoja kijiji kizima kilikuwa na matela.

Wapo miongoni mwenu walioishi mijini ambao hawakuwahi kuunda gari hili, kwa hiyo nieleze. Waya mgumu wa fremu ulitoka kwenye uzio mkuukuu, au kwenye tairi la lori lililochomwa, maana ndani ya ukingo wa tairi mna waya wa chuma. Waya laini wa kufungia uliombwa kwa fundi wa kujenga. Magurudumu yalikatwa kutoka kandambili zilizokwisha, au yalikuwa makopo ya dawa ya viatu, mawili kwa kila upande, yakijazwa mchanga ili gari lisiruke ovyo kwenye mawe. Usukani ulikuwa mrefu hadi kifuani, wa mwanzi, umeungwa na ekseli ya mbele ili mwenye gari aendeshe akiwa wima huku anakimbia. Fundi wa kweli aliongeza springi kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Hapo gari lilipopita juu ya jiwe, bodi ilinesa kidogo tu, na wale wenye magari yasiyo na springi walinyamaza. Safari haikuzidi kilometa mbili bila gurudumu kung'oka. Gereji ilikuwa palepale njiani, chini ya mti, na fundi alikuwa mwenye gari mwenyewe au rafiki yake aliyelipwa kwa kuendesha hadi kona ya pili. Mwalimu wetu wa fizikia alipofika kwenye somo la gurudumu na ekseli katika kidato cha pili, nusu ya darasa lilishangaa kwamba jambo lile lina hesabu yake. Majirani zetu wa Malawi wameliita gari kama hili galimoto, yaani gari tu, nalo limeandikiwa kitabu cha watoto huko Marekani mwaka 1990. Letu halikuandikiwa kitu.

Miaka yangu ya utoto ilikuwa ya uhaba. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, bei ya mafuta ilikuwa juu, na duka la RTC lilikuwa na rafu ndefu zisizo na kitu. Siusifu uhaba. Nimepanga foleni ya sukari nimeshika kanga ya mama, na siitamani foleni ile irudi. Nasema tu kwamba katika miaka hiyo hapakuwa na mzazi aliyeweza kumnunulia mtoto gari hata angetaka, na ufundi wa waya ulifika kilele chake wakati huohuo.

Operesheni ya Vijiji nayo ilibadili michezo. Kabla yake nyumba zilikaa mbalimbali, kila ukoo na kilima chake, na mtoto alicheza na ndugu zake watatu au wanne. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Uchungu wa kuhama wazee wetu waliusimulia wenyewe, sina haja ya kuurudia. Lakini ghafla palikuwa na watoto arobaini mahali pamoja, na watoto arobaini hawachezi kama watoto wanne. Ndipo kombolela ikawa ya usiku mzima wa mbalamwezi, na chandimu ikawa na timu mbili kamili, akiba na mashabiki.

Watoto wa kike nimewachelewesha, na dada yangu, aliyeisoma rasimu ya makala hii, amenikaripia. Anasema wanaume tunapokumbuka michezo tunakumbuka magari. Mwanasesere wake alikuwa gunzi la hindi changa, lenye ndevu zake zilizosukwa kama nywele, limefungwa kipande cha kitenge. Alicheza mdako kwa vijiwe vya mtoni alivyovichagua mwenyewe na kuvificha juu ya mlango, maana kijiwe kizuri kiliibwa. Alicheza rede, akikwepa mpira kati ya wawili waliomrushia, huku mgongoni amembeba mdogo wetu. Hilo la mwisho aliniambia niliandike waziwazi: kwamba mvulana alipewa uwanja, na msichana alipewa uwanja pamoja na mtoto wa kubeba. Nimeliandika.

Tulikuwa pia na toroli za mbao. Msonobari ulipozoeleka katika nchi ya juu, mabanzi ya mashine za mbao yakawa ya bure, na mtoto aliweza kuunda toroli ya magurudumu manne ya mti, akaikalia na kuteremka nayo mlima huku akifunga breki kwa kisigino. Wakubwa wa Goma, mashariki mwa Kongo, wana chombo cha jamii hiyohiyo kiitwacho chukudu, cha magurudumu mawili, nacho hubeba viazi na mkaa kwa magunia na kumlisha mwenyewe na familia yake. Cha kwetu kilibeba watoto tu, na mara moja kilibeba jogoo.

Mpira wa miguu unastahili aya yake. Kwanza ulikuwa wa majani makavu ya mgomba na kamba, kisha wa matambara, kisha, kuanzia miaka ya 1990, wa mifuko ya plastiki tuliyoiita rambo. Mifuko ilikunjwa na kushindiliwa, mmoja ukaingia ndani ya mwingine, ikafungwa kamba kwa mtindo wa wavu. Mpira wa rambo uliruka vizuri na haukunyonya maji, nao ulikuwa bora katika mvua za Machi kuliko mpira wowote tuliokuwa nao kabla. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo nchini. Mimi ni mtumishi wa serikali na naiunga mkono hatua ile, kwa maana nimeona mifereji ilivyokuwa imeziba na mbuzi walivyokufa. Lakini sikuona hotuba yoyote iliyotaja kwamba siku hiyo watoto wa vijijini walipoteza mali ghafi ya mipira yao. Wao hawakulalamika. Nilipopita katika kijiji kimoja cha nchi ya juu mwaka uliofuata, mpira ulikuwa wa soksi ya mitumba iliyojazwa matambara ya mitumba.

Vitu vya dukani vilikuja taratibu baada ya biashara kufunguliwa kuanzia mwaka 1986, na vilipokuja kwa wingi vilikuja vya plastiki nyepesi. Gari la plastiki ni zuri siku ya kwanza. Gurudumu likivunjika, mtoto hana la kufanya. Kilichofinyangwa kiwandani hakifungwi kwa waya wala hakiloweshwi. Katika shughuli zangu za kazi nilifika katika shule moja, ambayo sitaitaja, iliyopewa na mfadhili sanduku la vifaa vya rangi nzuri kwa ajili ya darasa la awali. Vifaa vilikuwa vimefungiwa kabatini visije vikavunjika. Vilivyotolewa vilikuwa vimekwisha kuvunjika kabla ya muhula kwisha. Nje, watoto walikuwa wakicheza na visoda ambavyo mwalimu aliwaambia walete kwa ajili ya kuhesabu.

Hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1943, Denmark ikiwa imekaliwa na majeshi ya Wajerumani, msanifu wa bustani C. Th. Sørensen alifunguliwa uwanja wake huko Emdrup, Copenhagen. Alikuwa ameona kwamba watoto huziacha bembea nzuri alizowabunia, wakaenda kucheza penye ujenzi na takataka. Basi akawapa mbao, matofali, kamba na zana, na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia. Jambo hilo lilienea Uingereza baada ya vita, viwanja vikafunguliwa hata mahali palipobomolewa na mabomu. Nilipolisoma hilo nikiwa Chuo Kikuu nilicheka peke yangu katika maktaba. Wazungu walikuwa wamejenga kwa makusudi kile ambacho mama zetu walitukataza.

Kinachonitia wasiwasi kuliko plastiki ni ardhi. Tangu bei ya mbao ilipopanda miaka ya 2000, vilima vya nchi ya juu vimepandwa misonobari na mikaratusi, na sasa parachichi. Fedha hiyo imejenga nyumba za bati na kusomesha watoto, wakiwamo wa kwangu, kwa hiyo siwezi kuilaumu. Lakini kilima tulichoteremkia toroli sasa kina miti na mwenyewe, na barabara tulizoendeshea ringi zina bodaboda zisizosikia honi za watoto. Mahali pa wazi palipobaki katika vijiji vingi ni kiwanja cha shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inampa mtoto haki ya kucheza na kupumzika pamoja na haki ya chakula, malazi na mavazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyohivyo katika ibara ya 31. Nimehudhuria vikao vingi vya kugawa viwanja. Panatajwa soko, zahanati, ofisi ya kata na makaburi. Mahali pa watoto kuchezea nimepasikia pakitajwa mara mbili.

Sasa zawadi yetu. Pendekezo lililo mbele ya kamati ni kununua Dar es Salaam mteremko na bembea za plastiki zenye rangi, vikafungwe katika kiwanja cha shule ya msingi. Vitapendeza katika picha ya mkutano, sikatai. Jua la nchi ya juu lina ukali wake hata penye baridi, na baada ya miaka michache plastiki hiyo itakuwa imepasuka, na hapo kijijini hapana fundi wa kuiziba. Napendekeza fedha hiyohiyo itumike kwa mambo manne: nguzo za mkaratusi na bembea za matairi, gogo la kutembelea lililolazwa, lundo la mchanga wa mtoni lenye ukingo wa mbao, na benchi la fundi lenye zana chache na waya, ambalo mwalimu wa zamu atalifungua siku mbili kwa wiki. Na kabla ya hayo yote, serikali ya kijiji ituandikie kwamba kiwanja hicho hakitapandwa miti.

Nimezungumza na seremala wa hapo. Amekwisha kuchagua mikaratusi sita katika shamba la shule, na anasema kila nguzo iingie ardhini futi tatu, sehemu hiyo ipakwe oili chafu na kushindiliwa mawe. Matairi manne ya lori nimeahidiwa Ilula bila malipo. Tunachokosa ni mnyororo mita ishirini, bolti ishirini na nne za nusu inchi, plaizi sita za kukatia waya, na lori la kuchota mchanga siku moja. Mwenye kimojawapo amwandikie katibu kabla ya mkutano, ili tujue cha kununua.